Fahali Wawili, Zizi Moja: Je, Kuna Haki Injini Mbili za Sataranji Zikipambana katika Tarakilishi Moja?

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi muhula uliopita niliwatia fahali wawili katika zizi moja, nikakaa kando na kalamu, nikahesabu nani kamwangusha nani, kisha nikatangaza mshindi mbele ya chama kizima. Msomaji mpenzi, makala haya ni maelezo ya kosa nililolifanya. Pia ni maelezo ya jambo ambalo wengi wetu tunaocheza sataranji (au chesi, ukipenda) katika maabara ya tarakilishi hatujalifikiria sawasawa.

Kisa chenyewe ni hiki. Timu yetu ilitaka programu moja ya kufanyia mazoezi. Tarakilishi tuliyoruhusiwa kuitumia baada ya masomo ilikuwa moja tu, ile ya pembeni karibu na dirisha. Mimi nilikuwa na programu yangu, ambayo nitaiita Simba. Mwenzangu mmoja wa kidato cha chini alikuwa na yake, nayo nitaiita Chui. Majina halisi nayaficha kwa makusudi, maana lawama hapa si ya programu. Tukakubaliana zipambane michezo kumi, zenyewe kwa zenyewe, na mwenye programu itakayoshindwa anunue soda. Simba alishinda michezo saba, Chui mitatu. Nikabandika matokeo kwenye ubao wa matangazo kwa wino mwekundu. Mwenzangu akanunua soda, na kwa wiki mbili nzima watu wakawa wanamwita "Chui wa Karatasi". Yeye alinyamaza tu.

Mambo yaliharibika mwalimu mlezi wa timu aliposoma lile tangazo. Aliniita, akaniuliza swali moja: "Wakati Chui alipokuwa akiwaza hatua yake, Simba alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa akingoja, mwalimu."

"Una hakika?"

Jameni, sikuwa na hakika. Ndipo nilipoanza kuchimba.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo injini. Programu ya sataranji ina sehemu mbili. Ile unayoiona kwa macho, yaani ubao, kete na saa, ni uso tu. Anayewaza ni mwingine aliye ndani, na huyo ndiye tunayemwita injini. Injini haina picha wala haijui kipanya ni nini. Inaletewa hali ya ubao kwa maandishi, inapiga hesabu, kisha inarudisha hatua yake kwa maandishi vilevile. Mwaka 2000 Stefan Meyer-Kahlen, yule Mjerumani aliyeunda Shredder, pamoja na Rudolf Huber walitoa lugha ya mawasiliano iitwayo UCI. Tangu hapo injini nyingi za waundaji mbalimbali zimekuwa zikisema lugha moja, hivyo uso mmoja unaweza kubeba injini mbili zisizojuana, ukazipa zamu, ukashika saa na kuandika matokeo. Uso unakuwa refa, nawe unaenda kula chakula cha jioni.

Kabla ya hapo kazi ilikuwa ngumu. Chama cha Tarakilishi za Sataranji cha Sweden, kifupi chake SSDF, kilianza kutoa orodha ya nguvu za mashine mwaka 1984. Wanachama wake walikuwa wanaweka mashine mbili mezani, kila mchezaji na mashine yake, na kila upande unapewa saa mbili kwa hatua 40 za kwanza. Zamani mtu alilazimika kukaa pale asogeze kete kwa mkono na kubonyeza hatua za upande huu katika mashine ya upande ule, na mchezo mmoja ungeweza kumla jioni nzima. Katika miaka ya 1990 ndipo walipoweza kuunganisha tarakilishi mbili kwa waya, zikapelekeana hatua zenyewe. Angalia lakini: mashine mbili. Kila fahali na zizi lake.

Sasa kwa nini zizi liwe muhimu? Hebu mfikirie mtu na mtu wanaocheza bao au sataranji. Wakati wa zamu yako mimi sifumbi macho. Nakaa nawaza: huyu akicheza hivi nitamjibu vile. Hakuna anayeweza kunikataza, kwa sababu kichwa changu ni changu na chako ni chako. Kuwaza kwangu hakupunguzi kuwaza kwako hata kidogo, labda niwe napiga mluzi.

Injini nazo hufanya vivyo hivyo. Baada ya kusogeza kete, injini hukisia hatua ambayo mpinzani ataicheza, kisha huanza kupiga hesabu kana kwamba imekwisha kuchezwa. Ikikisia sawa, mpinzani akimaliza tu, jibu liko tayari, na saa yake haijapungua. Ikikosea, inatupa hesabu ile na kuanza upya, wala haijapoteza kitu. Hii ndiyo tutakayoiita kuwaza kwa zamu ya mwenzako. Katika mashine mbili ni halali kabisa, na ni sehemu ya ustadi wa injini.

Lakini katika mashine moja? Hapo vichwa si viwili tena. Prosesa ndiyo kichwa, na wawazaji wote wawili wanachota humo humo. Mfumo endeshi wa tarakilishi, ule unaogawa kazi, haujui sataranji wala haujui zamu ni ya nani. Unaona tu programu mbili zinaomba kazi, unazigawia kidogo kidogo kwa kupokezana, kama akina mama wawili wanaochota maji kwa mfereji mmoja. Ikiwa prosesa ina kiini kimoja, basi anayewaza kwa zamu yake halali anapata nusu tu ya nguvu, na nusu nyingine inaliwa na yule ambaye zamu si yake. Na saa je? Saa ya mchezo huhesabu muda unaopita ukutani, haihesabu kazi iliyofanyika. Sekunde 30 zikipita, saa inakata 30, hata kama aliyekuwa na zamu amefanya kazi ya sekunde 15.

Hapo ndipo niliporudi maabara kutazama mipangilio yangu mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Prosesa ya tarakilishi ile ina viini viwili, na kila kiini hufanya kazi kama prosesa kamili. Simba nilikuwa nimemwekea atumie viini vyote viwili, kisha nikamruhusu kuwaza kwa zamu ya mwenzake. Sikukusudia hila. Nilikuwa nimeyaweka hayo kitambo, nilipokuwa nikicheza naye mwenyewe. Chui naye aliachwa kama alivyokuja: kiini kimoja, tena bila ruhusa ya kuwaza kwa zamu ya mwenzake. Basi tupige hesabu. Zamu ya Simba, Chui amelala, Simba anatumia viini viwili peke yake. Zamu ya Chui, wafanyakazi wako watatu: wawili wa Simba na mmoja wa Chui, na viti ni viwili. Mfumo endeshi ukigawa kwa usawa, kila mfanyakazi anapata theluthi mbili ya kiti. Kwa hivyo saa ya Chui ikikata sekunde 30, amefanya kazi ya sekunde 20. Simba kwa sekunde 30 zake anafanya kazi ya sekunde 60, na juu ya hayo bado kuna ile aliyoichota kwa zamu ya Chui.

Huo si mchuano, bwana. Ni sawa na kumpa mtu mtihani huku mwenzake amekalia nusu ya dawati lake, amemshikia rula, na anaendelea kujaza karatasi yake mwenyewe.

Mtu ataniuliza: je, wote wawili wakiruhusiwa kuwaza kwa zamu ya mwenzao, si watapunjana sawasawa? Kwa juujuu, ndiyo. Kila mmoja anapata nusu, basi ngoma droo. Lakini nusu hiyo haina uhakika. Programu moja ikipewa kipaumbele kidogo na mfumo endeshi, au ikiwa na wafanyakazi wengi kuliko nyingine, mgawo unapinda, nawe huoni chochote kwenye ubao. Kete zinasogea, saa zinakata, kila kitu kinapendeza. Ndiyo maana wengi wanaopima injini kwa mashine moja wana kanuni hii: kuwaza kwa zamu ya mwenzako kunazimwa kwa pande zote mbili. Orodha maarufu ya CCRL hupimwa hivyo. Zamu yako ikifika unapewa prosesa yote uliyotengewa, zamu ikiisha unalala.

Ikiwa viini ni vingi, unaweza kuwaruhusu wote wawili wawaze muda wote, mradi jumla ya wafanyakazi wao isizidi viini vilivyopo, na ubakize angalau kimoja kwa ajili ya refa na shughuli nyingine za mashine. Na usicheze muziki humo humo wakati mchuano unaendelea, wala usiendeshe michezo miwili kwa pamoja ili umalize haraka ikiwa viini havitoshi. Hili la pili pia nimelifanya. Sitaki kulizungumzia sana.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likawashangaza wale walioanza kunitikisia kichwa. Kuzima huko kukizingatiwa, mimi naona tarakilishi moja ina haki kuliko mbili! Tarakilishi mbili zilizonunuliwa siku moja kwa bei moja hazifanani kwa kila hali. Moja imejaa vumbi, feni yake inakoroma, prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nyingine iko karibu na dirisha, inapata upepo. Ukiweka injini hii huku na ile kule, unapima injini au unapima feni? Katika mashine moja joto ni la wote, vumbi ni la wote, na stima ikipotea inapotea kwa wote. Fahali wanaweza kukaa zizi moja vizuri tu, mradi wasile kwa wakati mmoja.

Kuna kumbukumbu pia. Kila injini inapowaza huwa na daftari lake ndani ya kumbukumbu ya tarakilishi, ambamo huandika hali za ubao ilizokwisha kuzichunguza ili isirudie kazi. Hali moja ya ubao inaweza kufikiwa kwa njia nyingi: ukisogeza farasi kwanza kisha askari, au askari kwanza kisha farasi, mnafika palepale. Injini yenye daftari dogo hujaza kurasa haraka, ikaanza kufuta ya zamani, kisha ikalazimika kuyatafuta upya. Basi madaftari yawe ya ukubwa sawa. Na yote mawili kwa jumla yasizidi kumbukumbu iliyopo, maana yakizidi tarakilishi itaanza kuhifadhi mengine kwenye diski, na diski ni konokono ikilinganishwa na kumbukumbu. Hapo kasi inaanguka, tena si lazima ianguke kwa usawa.

Suala la mianzo ya mchezo lina utamu wake. Injini nyingi zinaweza kupewa kitabu cha mianzo, yaani hazina ya hatua za kwanza zilizokwisha kuchunguzwa na mabingwa. Ukimwachia kila mmoja kitabu chake, unaweza kudhani unapima kuwaza kumbe unapima kukariri. Kuna programu zilizoweza hata kujifunza: zikishinda kwa njia fulani, zinairudia njia hiyo hiyo dhidi ya mpinzani yule yule, na ushindi mmoja unahesabiwa mara tano. Na hata bila kitabu, injini mbili zikianza kila mara kutoka ubao mtupu zinaweza kucheza michezo inayofanana kama mapacha. Wapimaji wameleta dawa nzuri. Refa ndiye anayechagua mwanzo. Injini hizi mbili zinaucheza mwanzo huo mara mbili, mara ya kwanza huyu akiwa na kete nyeupe, mara ya pili yule. Ikiwa mwanzo wenyewe una upendeleo kwa nyeupe, basi kila mmoja ameonja upendeleo huo. Mashindano ya TCEC, yaliyoanza mwaka 2010 na ambayo injini zake hutumia mashine iliyoandaliwa na mashindano yenyewe, huendesha fainali yake kuu kwa njia hii: michezo 100, yaani mianzo 50, kila mmoja mara mbili. Katika michezo yangu kumi Simba alikuwa na kete nyeupe mara sita. Sikuwa nimeona.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba usawa na haki ni kitu kimoja. Lakini sivyo kila wakati, na mfano mkubwa ulitokea mwezi Desemba mwaka 2017. Kampuni ya DeepMind ya London, iliyo mali ya Google, ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero, iliyojifunza sataranji kwa kucheza na nafsi yake tu, ilicheza michezo 100 na Stockfish toleo la 8. AlphaZero ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikushindwa hata mmoja. Dunia ya sataranji ilipigwa na butwaa.

Kisha watu wakaanza kuuliza maswali kama lile la mwalimu wetu. Stockfish ilikuwa imepewa prosesa yenye wafanyakazi 64 lakini daftari la gigabaiti moja tu, dogo mno kwa wote hao. Kila hatua ilipangiwa dakika moja kamili, ilhali Stockfish imefunzwa kugawa muda wake yenyewe, ikikaa sana penye utata na kupita haraka penye wepesi. Kuinyima hilo ni kumnyima mkimbiaji wa masafa marefu ruhusa ya kupanga kasi yake. Halafu AlphaZero ilitumia chipu maalumu za Google, aina ambayo Stockfish haikuundwa kuitumia kabisa. Mmoja wa waundaji wa Stockfish, Tord Romstad, alilalamika waziwazi kuhusu masharti hayo.

DeepMind hawakupuuza. Mwezi Desemba mwaka 2018 walichapisha matokeo mapya katika jarida la Science. Safari hii michezo ilikuwa 1000, kila upande ukipewa saa tatu pamoja na sekunde 15 za nyongeza kwa kila hatua, na daftari la Stockfish likawa la gigabaiti 32. AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, na sare zikawa 839. Bado ilishinda, tena vizuri. Lakini tazama hesabu. Mara ya kwanza ilipata alama 64 kwa mia. Mara ya pili 57 na nusu hivi. Kwa kipimo cha Elo, ambacho nitakieleza punde, huo ni mporomoko kutoka tofauti ya alama 100 hadi kama 52. Sisemi kwamba masharti peke yake ndiyo yaliyofanya hivyo, maana kulikuwa na mabadiliko mengine. Nasema tu kwamba mshindi wa kweli hakupoteza kitu kwa kukubali kupimwa upya. Alipata kuaminiwa.

Lile swali la chipu halikuisha. Mwaka 2018 watu wa kujitolea waliunda Leela Chess Zero kwa kufuata njia ya AlphaZero. Leela huwaza kwa kadi ya picha, ile inayotumika kwa michezo ya video, na Stockfish huwaza kwa prosesa. TCEC wakaongeza kadi za picha katika vifaa vyao. Sasa hapo haki iko wapi? Wawili hao hawali majani yale yale. Tuwape vifaa vya bei sawa? Vinavyokula stima sawa? Mimi naona hakuna jibu moja, ila lazima mwenye kupima aseme wazi amechagua lipi kabla ya mchezo wa kwanza, si baada ya kuona nani anashinda. Mwaka 2019 wawili hao walikutana katika fainali mbili mfululizo: ya msimu wa 14 Stockfish ilishinda kwa 50.5 dhidi ya 49.5, na ya msimu wa 15 Leela ikashinda kwa 53.5 dhidi ya 46.5. Mwaka 2020 Stockfish nayo ikaongezewa mtandao wa neva mdogo unaofanya kazi kwenye prosesa ya kawaida. Sisi wa maabara yenye tarakilishi moja tukafaidika bila jasho.

Nirudi kwetu. Tuseme ningekuwa nimeweka kila kitu sawa: viini sawa, madaftari sawa, mianzo kwa jozi. Je, saba kwa tatu ingetosha kumwita mwenzangu Chui wa Karatasi? La hasha! Chukua sarafu ya shilingi, irushe mara kumi. Sarafu haina upendeleo, upande huu na ule ni sawa kabisa. Lakini ukirushwa mara kumi, utapata tano kwa tano mara 252 tu katika kila mara 1024, yaani robo hivi. Na utapata saba kwa tatu, au pengo kubwa kuliko hilo, kwa upande wowote, mara 352 katika 1024. Hiyo ni zaidi ya theluthi! (Mwalimu wa Hisabati amenihakikishia hesabu hii, tena kwa furaha ambayo sijawahi kuiona akisahihisha madaftari yetu.) Kwa hiyo injini mbili zenye nguvu sawa kabisa, zikicheza michezo kumi isiyo na sare, zitatoa matokeo kama yangu mara moja katika kila tatu. Nilikuwa nimesoma uso wa sarafu nikaubandika ukutani kwa wino mwekundu.

Ukirusha mara 100, mambo hubadilika. Sabini kwa thelathini au zaidi hutokea chini ya mara moja katika 10,000. Kwa hivyo pengo lile lile likidumu katika michezo 100, hapo una haki ya kusema. Sare nazo husaidia kidogo, maana hupunguza kuyumba. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mpimaji ni kikubwa kuliko tunavyodhani.

Kile kipimo cha Elo kimepewa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilikikubali mwaka 1970. Maana yake ni nyepesi: anayekuzidi alama 100 anatarajiwa kupata alama 64 kati ya kila 100 mtakazopigania. Anayekuzidi alama tano je? Atapata 50 na robo tatu hivi. Jaribu kuigundua tofauti hiyo kwa michezo kumi! Ndiyo maana waundaji wa Stockfish tangu mwaka 2013 wamekuwa na utaratibu uitwao Fishtest, ambapo watu wa kujitolea duniani huazimisha tarakilishi zao zisizo na kazi. Kila badiliko dogo la programu hupimwa kwa maelfu, mara nyingi makumi ya maelfu, ya michezo ya haraka haraka: kwanza sekunde 10 kwa mchezo mzima na nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa hatua, na likifaulu, sekunde 60 na nyongeza ya sehemu sita za kumi. Mashine zile ni za kila namna, za kizee na za kisasa. Lakini katika kila mashine toleo jipya na toleo la zamani hucheza humo humo, na saa hurekebishwa kulingana na kasi ya mashine. Hao ndio wapimaji wakubwa wa injini, nao wanatumia zizi moja.

Jambo la mwisho linanihusu mimi kuliko tarakilishi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Simba nilimjua, nilikuwa nimeshinda naye wikendi nyingi nikisoma maelezo yake na kurekebisha hiki na kile. Chui sikumfungulia hata ukurasa wa kwanza wa maelezo. Ikiwa wewe ndiwe mwenye mchezaji, mwenye saa na mwenye ubao wa matangazo, basi mwenzako akae nawe wakati wa kupanga, mkubaliane kila kitufe na kukiandika.

Tumeanza upya. Mwenzangu alikuja, tukakaa pamoja, kila injini ikapewa kiini kimoja, daftari la ukubwa mmoja, hakuna kuwaza kwa zamu ya mwenzake, dakika tano kwa kila upande, mianzo kumi iliyochaguliwa na mwalimu na kila mmoja kuchezwa mara mbili. Katika michezo hiyo ishirini Chui alipata alama 10.5, Simba 9.5. Mwenzangu alifurahi, kisha yeye mwenyewe akasema, "Lakini ishirini si kitu." Nikamtazama. Kumbe alikuwa ameanza kurusha sarafu kabla yangu.

Tangazo la wino mwekundu nimelibandua, na mahali pake nimeandika masharti yote ya mchuano mpya wa michezo 200, ambao utaendeshwa siku za likizo kwa idhini ya mwalimu wa maabara. Anayetaka kuyakagua au kuyapinga na aje kabla ya shule kufungwa. Soda nimeilipa, na moja ya nyongeza kwa ajili ya zile wiki mbili.